Max Factor: fundi wa mawigi aliyetuachia faundesheni

Kila msimu wa harusi unapokaribia, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio huwa na swali lile lile. Akina dada wanataka kujua wachague faundesheni ipi na konsila ipi ili wapendeze lakini uso ubaki wa kwao, usionekane umepakwa.

Swali hilo nalijua kwa machungu. Miaka michache iliyopita nilikwenda Dar es Salaam kununua vitu vya harusi ya mdogo wangu. Katika duka moja Kariakoo, chini ya taa nyeupe za tyubu, nilipakwa faundesheni kidogo mgongoni mwa mkono, nikaambiwa hiyo ndiyo yangu kwa sababu inang'arisha. Nikalipa. Nilipofika viwanja vya Mnazi Mmoja nikakaa chini ya mti, nikajipaka, nikafungua kamera ya simu. Uso ulikuwa wa kijivu, kama wa mtu aliyeshinda kwenye mashine ya kusaga unga. Shingo ilikuwa bado yangu.

Faundesheni ni ile rangi ya kwanza inayopakwa uso mzima ili ngozi ionekane ya rangi moja. Konsila ni nzito zaidi, nayo hupakwa mahali padogo tu, kama penye doa la chunusi au weusi chini ya macho. Ukitaka kuelewa kwa nini yangu ilikataa, inafaa umjue mtu aliyetumia maisha yake yote kutafuta rangi inayolingana na uso. Jina lake ni Max Factor.

Kutoka Poland hadi jumba la mfalme

Alizaliwa katika miaka ya 1870 katika mji wa Zduńska Wola, ambao leo uko Poland lakini wakati ule ulitawaliwa na Urusi. Jina lake kamili lilikuwa Maksymilian Faktorowicz. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, kubwa na ya kipato kidogo, kwa hiyo shule hakuisoma sana. Akiwa bado mtoto alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi wa mawigi na vipodozi. Wigi la kushonwa kwa mkono hudai subira, maana unywele huingizwa mmoja mmoja. Jicho lake lilizoea kutofautisha rangi zinazokaribiana sana.

Alifanya kazi Berlin, kisha Moscow, ambako aliwahudumia waimbaji wa maonyesho makubwa ya jukwaani. Baada ya kutumikia jeshi, alifungua duka lake katika mji wa Ryazan, akiuza krimu, rangi za mashavu na mawigi aliyoyatengeneza mwenyewe. Sifa zake zikafika kwa watu wa mfalme wa Urusi, akachukuliwa kuwahudumia.

Kazi ilikuwa ya heshima, lakini uhuru haukuwepo. Nje, Wayahudi walikuwa wakishambuliwa na kuuawa. Inasimuliwa katika familia yake kwamba alijipaka rangi ya manjano usoni ili aonekane mgonjwa, akapewa ruhusa ya kwenda kutibiwa, na njiani akatoroka na mkewe na watoto wao watatu. Mwaka 1904 wakaingia Marekani, na jina lake likafupishwa kuwa Max Factor.

Mwanzo wa huko ulikuwa mgumu. Alipeleka bidhaa zake kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya mwaka huo mjini St. Louis, na mshirika wake wa biashara akatoroka na mali na fedha. Mwaka 1906 mkewe akafariki. Mwaka 1908 alihamia Los Angeles, ambako punde filamu zingeanza kutengenezwa kwa wingi.

Rangi iliyopasuka usoni

Waigizaji wa wakati ule walitumia rangi ya jukwaani, nzito, iliyotengenezwa kwa mafuta na kuja katika umbo la kijiti. Kwa mtazamaji aliyekaa mbali haikuwa na shida. Lakini kamera ya filamu husogea karibu. Mwigizaji akicheka au kukunja uso, rangi ile ilipasuka kama udongo wa bwawa lililokauka.

Mwaka 1914 Factor alitoa rangi nyepesi, laini kama krimu, yenye aina 12 zilizopangwa kutoka nyeupe kwenda nyeusi zaidi. Ilikaa usoni kwa tabaka jembamba na ilijikunja pamoja na ngozi.

Hapo, msikilizaji, ndipo ulipo msingi wa uso unaoonekana wa asili. Paka kidogo. Anza katikati ya uso, kwenye mashavu, pua na paji, kisha sambaza kuelekea pembeni hadi iishie yenyewe. Kama sehemu ya ngozi yako haina doa, iache. Kama doa bado linaonekana, usiongeze faundesheni uso mzima. Weka konsila juu ya doa lile tu, ugonge taratibu kwa ncha ya kidole.

Kila mtu na rangi yake

Mwaka 1918 Factor alileta wazo jipya. Poda, rangi ya mashavu na rangi ya mdomo zichaguliwe kwa pamoja, zifuatane na ngozi, nywele na macho ya mtu mwenyewe. Baadaye, katika jengo lake la Hollywood lililofunguliwa mwaka 1935, aliweka vyumba tofauti kwa wanawake wa rangi tofauti za nywele, kila chumba na rangi zake.

Hata sisi tunaoitwa weusi hatuna weusi mmoja. Weka mikono ya ndugu watatu pamoja juani utaona. Mmoja ana umanjano kwa chini, mwingine ana wekundu, wa tatu weusi wake umeelekea bluu. Faundesheni yenye weusi sawa na wako lakini isiyo na rangi yako ya chini itakutoa kijivu. Ndiyo maana kuipima mgongoni mwa mkono hakutoshi, kwa sababu mkono na uso mara nyingi havifanani. Ipimie kwenye taya, karibu na shingo. Chora mistari miwili au mitatu ya rangi zinazokaribiana. Ule unaopotea ndio wako.

Taa inadanganya

Filamu za zamani hazikuuona wekundu vizuri, kwa hiyo mdomo mwekundu ulitokea mweusi. Filamu mpya na taa mpya zilipoingia, mwaka 1928 Factor alilazimika kutengeneza rangi upya, kwa sababu zile za zamani hazikukubaliana tena na mwanga. Miaka michache baadaye zikaja filamu za rangi. Rangi za mafuta ziling'aa na kuakisi nguo na kuta. Yeye na mwanawe Frank wakatengeneza Pan-Cake, poda iliyokandamizwa kama keki ndogo, iliyopakwa kwa sponji lenye maji. Ilionekana kwanza katika filamu ya mwaka 1937, na waigizaji wakaipenda hata wakawa wanaondoka nayo kimyakimya kwenda nyumbani. Ndipo ikauzwa kwa watu wote.

Katika hili la mwanga ndipo nilipoangukia mimi. Taa ya duka si jua la harusini. Ukishapimiwa kwenye taya, toka nje hadi barazani, simama kwenye mwanga wa mchana, usubiri kama dakika kumi, kwa sababu faundesheni nyingine hubadilika kuwa nyeusi zaidi zinapokauka. Muuzaji asiyetaka utoke nje na kioo, mwage.

Rangi zilizokosekana

Max Factor alifariki tarehe 30 Agosti 1938, nyumbani kwake Beverly Hills. Frank akachukua jina la baba yake na kuendeleza kampuni. Mwaka 1954 kampuni hiyo ilitoa Erace, moja ya konsila za kwanza kuuzwa madukani kwa watu wa kawaida.

Lakini kazi yake ilikuwa na pengo. Rangi zake zilipangwa hasa kwa nyuso za watu weupe, kwa kuwa ndio waliopewa nafasi kubwa kwenye filamu. Katika miaka ya 1940 mwimbaji mweusi Lena Horne alitengenezewa rangi yake maalumu, na baadaye mwenyewe alisimulia kwamba rangi hiyo ikaishia kupakwa waigizaji weupe waliopewa nafasi za kuigiza machotara.

Hata kule Mnazi Mmoja nilikokaa na uso wangu wa kijivu, enzi za Waingereza uwanja ule wa wazi ulikuwa mpaka wa watu kwa rangi zao. Upande mmoja Uhindini, upande wa pili Kariakoo ya Waafrika. Dunia iliyowapanga watu namna ile haikuwa na haraka ya kuwatengenezea poda watu wa Kariakoo.

Pengo lilianza kuzibwa na weusi wenyewe. Mwaka 1973 nchini Marekani ilianzishwa Fashion Fair, vipodozi vya ngozi nyeusi. Iman, Msomali aliyekuwa mwanafunzi Nairobi alipoonwa na mpiga picha mwaka 1975, alifika New York na kuulizwa na mpambaji kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe, maana pale hapakuwa na inayomfaa. Akawa anachanganya za kwake, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Mwaka 2017 Rihanna alitoa Fenty Beauty ikiwa na rangi 40.

Poda imfuate mwenye uso

Nasimulia haya kwa sababu wapo bado wanaofanya kinyume. Badala ya kutafuta rangi inayofuata ngozi, wanailazimisha ngozi ifuate rangi. Wananunua mkorogo, krimu za kujichubua ambazo nyingine zina zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za steroidi. Zebaki huharibu figo. Ngozi iliyochubuliwa huwa nyembamba, jua huichoma haraka na vidonda huchelewa kupona. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS. Bado vinapenya kwa njia za panya. Krimu isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho ya matumizi, irudishe mezani.

Nalo konsila si la kung'arisha uso. Kwa madoa, chukua rangi ile ile ya faundesheni yako. Chini ya macho unaweza kupanda ngazi moja tu. Kama weusi wa chini ya macho ni mwingi, tanguliza rangi kidogo ya chungwa, kisha konsila juu yake, la sivyo patatoka majivu. Malizia na poda kidogo kwenye paji na pua, mahali panapotoa mafuta. Sponji lioshwe kwa sabuni, wala usiazimane na mwenzako.

Ukikosa rangi yako kabisa, nunua mbili, moja imezidi weusi na nyingine imepungua, uzichanganye kiganjani kama alivyofanya Iman. Ukikosa zote, pakaa mafuta yako, tia wanja, nenda harusini.

Mimi ile chupa ya Kariakoo sikuitupa. Nilinunua nyingine nyeusi zaidi, nikawa nachanganya kidogo kidogo hadi zikaisha. Katika picha za harusi ya mdogo wangu, uso na shingo ni vya mtu mmoja.