M'siri wa Bunkeya: maisha ya mfalme wa shaba, na somo la kemia lililosahauliwa

KOLWEZI – Katika shule nyingi za vijijini zisizo na maabara, mwalimu wa kemia anaandika ubaoni alama ya shaba, Cu, wanafunzi wanainakili katika daftari, na somo linaishia hapo. Hata hivyo, watu wa Lualaba walikuwa wanayeyusha shaba muda mrefu kabla ya kampuni za kizungu kufika. Maisha ya M'siri, mfalme wa Bayeke, yanasaidia kueleza kazi hiyo.

M'siri, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa, alizaliwa karibu na mwaka wa 1830 kati ya Wasumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyesafiri hadi Katanga kutafuta shaba. Mtoto alifuata njia hiyo, na katikati ya karne ya 19 akaamua kubaki. Alikuja na bunduki chache, akawasaidia machifu wa hapa katika vita vyao, kisha akawaweka chini yake. Ufalme wake, Garenganze, ulienea kati ya mito Lualaba na Luapula. Makao yake makuu yalikuwa Bunkeya, ambayo leo iko katika teritware ya Lubudi, jimbo la Lualaba.

Biashara yake ilielekea pande mbili. Upande wa mashariki, misafara ilikwenda hadi pwani ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,300 kwa mstari ulionyooka. Upande wa magharibi, ilifika Benguela, Angola, karibu kilomita 1,500. Shaba, chumvi na pembe za ndovu zilitoka. Bunduki, baruti na vitambaa viliingia. Watumwa pia waliuzwa, na raia wengi waliishi kwa hofu ya mfalme huyo. Jambo hilo halifai kufichwa darasani.

Ufundi wa shaba haukuletwa na M'siri. Aliukuta mikononi mwa wenyeji, hasa Basanga, na Bayeke wakaongeza ustadi wa kuvuta nyaya nyembamba za bangili. Wakati wa kiangazi, watu walichimba malakiti, lile jiwe la kijani ambalo kila mtoto wa Kolwezi analijua. Walilisafisha na kuliweka pamoja na makaa katika tanuru la udongo wa kichuguu, huku mivukuto ya ngozi ikipuliza hewa. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu, na mara nyingi ilitoka na umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama pesa, na mwaka wa 1960 mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga.

Hapo ndipo somo lilipo. Malakiti ikipashwa moto hutoa maji na hewa ya ukaa, na hubaki unga mweusi, yaani oksidi ya shaba. Makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo hunyang'anya unga huo oksijeni. Kinachobaki ni shaba. Shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085 hivi, na ndiyo maana moto wa jikoni hautoshi na mivukuto ilihitajika. Kwa hesabu, kilo 100 za malakiti safi zina karibu kilo 57 za shaba. Mwalimu anaweza kufundisha yote haya kwa chaki tu.

Mwisho wa M'siri ulikuja haraka. Mwaka wa 1891 Basanga walimwasi, na wajumbe wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji walikuwa wakimtaka akubali bendera yao. Alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891, watu wa msafara wa Kapteni Stairs walikwenda kumkamata. Afisa Mbelgiji, Bodson, alimpiga risasi na kumuua, na yeye pia akauawa. Mukanda Bantu, mwana wa M'siri, alirithi utawala uliokwisha kupungua.

Mwaka uliofuata, mwanajiolojia Jules Cornet alifika kupima utajiri wa madini. Union Minière iliundwa mwaka wa 1906, na mwaka wa 1911 ilimimina shaba yake ya kwanza Lubumbashi. Matanuru ya vichuguu yakazimika, na mafundi wake wakafa mmoja mmoja.

M'siri alimiliki njia za shaba na bunduki za kuzilinda, lakini bunduki nyingine zilimshinda. Ujuzi wenyewe ulikuwa wa mafundi ambao majina yao hayakuandikwa. Mwanafunzi wa Bunkeya au Lubudi anayedhani kwamba kemia ilikuja na Wazungu amenyimwa urithi wake. Shule isiyo na maabara inaweza kumrudishia sehemu ya urithi huo, kuanzia na jiwe la kijani lililoko njiani.