Wasifu: Augustino wa Hippo, Mhubiri Aliyejali Kueleweka

Ndugu mtahiniwa, wasifu huu ni wa mtu aliyefariki karibu miaka 1,600 iliyopita, lakini bila shaka jina lake umewahi kulisikia. Pengine darasani kwenu yupo Augustino au Augustina, na kule Mwanza kipo chuo kikuu chenye jina lake. Soma mara ya kwanza bila kalamu, kama unavyosoma hadithi. Soma mara ya pili ukiandika pembeni mwaka, mahali na sababu. Wakati unasoma, jiulize swali moja: kwa nini bingwa wa maneno mazito aliamua kusema kwa maneno mepesi?

1. Kuzaliwa na masomo

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Kwa hiyo alikuwa Mwafrika, ingawa nchi yake wakati ule ilitawaliwa na Dola ya Kirumi na lugha ya shule ilikuwa Kilatini. Baba yake, Patricius, hakuwa tajiri. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye imani kubwa.

Shule haikumfurahisha. Walimu walitumia fimbo, naye alikuwa akimwomba Mungu asichapwe, huku wakubwa wakimcheka. Kilatini alikipenda, kwa kuwa alikipata tangu utotoni kwa kusikia watu wakizungumza na kucheka naye. Kigiriki alikichukia, kwa kuwa alifundishwa kwa vitisho. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Alipofika umri wa miaka 16, masomo yalikatika. Fedha za kumpeleka katika mji mkubwa wa Carthage hazikuwapo, akakaa nyumbani mwaka mzima. Ikiwa unaye ndugu au rafiki aliyekwama kwa sababu ya ada, na sasa anashinda kijiweni Tandika au Manzese, utaelewa mwaka ule ulivyokuwa. Ndipo usiku mmoja Augustino na wenzake walipoiba matunda ya jirani. Hawakuwa na njaa, na mengi waliwatupia nguruwe. Alipokuwa mtu mzima aliuandika wizi huo kwa majuto, akaeleza kwamba kama angekuwa peke yake asingeiba. Baadaye tajiri mmoja wa mji wao, Romanianus, alimsaidia, akaenda Carthage kuendelea na masomo.

2. Mwalimu wa balagha

Katika Carthage alisomea balagha, yaani sanaa ya kusema kwa ufasaha na kuvuta watu. Huko pia aliishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus. Kwa miaka karibu tisa alifuata mafundisho ya Mani, huku mama yake akimlilia arudi katika imani aliyomlea nayo.

Augustino alifundisha Thagaste, kisha Carthage. Mwaka 383 alihamia Roma, akakuta wanafunzi wenye tabia ya kumhama mwalimu siku ya kulipa ada inapokaribia. Mwaka 384 alipata kazi ya heshima mjini Milano. Sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kutoa hotuba za kumsifu mfalme, ambazo msemaji na wasikilizaji wote walijua zina uongo ndani yake. Kazi hiyo ilianza kumchosha moyo.

Milano alikuwako askofu Ambrosi, mhubiri hodari. Augustino alikwenda kumsikiliza kama fundi anavyokwenda kutazama kazi ya fundi mwenzake. Alifuata mtindo, lakini pole pole maana nayo ikamwingia. Mwaka 386 aliacha kazi yake, na wakati wa Pasaka mwaka 387 alibatizwa pamoja na mwanawe. Mwaka huohuo Monika alifariki Ostia, bandari ya Roma, wakiwa safarini kurudi Afrika. Augustino alifika nyumbani mwaka 388, na baada ya muda mfupi Adeodatus naye akafariki.

3. Kuitwa Hippo

Mwaka 391 Augustino alitembelea Hippo, mji wa bandari ambao leo unaitwa Annaba. Askofu wa hapo, mzee Valerius, alikuwa Mgiriki na Kilatini chake kilikuwa cha taabu. Aliwaeleza waumini kwamba anahitaji padri wa kumsaidia. Watu wakamkamata Augustino papo hapo, wakamsukuma mbele apewe upadri, naye akalia machozi.

Jambo la kwanza aliloomba baada ya hapo lilikuwa muda wa kusoma Biblia. Angalia vizuri hapo, mtahiniwa. Huyu alikuwa mwalimu aliyewahi kufundisha Roma na Milano, lakini alitambua kwamba kujua kusema si sawa na kulijua jambo unalolisema. Mwaka 395 akawa askofu, akaitumikia Hippo kwa miaka karibu 35.

4. Jinsi alivyohubiri

Katika makanisa ya Afrika wakati huo mhubiri aliketi na watu walisimama. Mbele ya Augustino walisimama wavuvi, wakulima, wachuuzi, watumwa na matajiri. Wengi wao hawakujua kusoma. Wakifurahi walishangilia na kupiga makofi, wakichoka walionyesha. Yeye alihubiri bila kusoma karatasi, na waandishi wa mkato walinakili. Ndiyo sababu mamia ya mahubiri yake yapo hadi leo.

Alichukua mifano katika maisha ya watu hao. Alipotaka kueleza faida ya mateso, alitaja mashine ya kukamulia zeituni: mkandamizo ni uleule, lakini makapi hutupwa na mafuta safi huhifadhiwa. Alipotaka watu wa kawaida waelewe mgogoro uliokuwa umeligawa Kanisa, alitunga wimbo wenye kiitikio, beti zake zikifuata mpangilio wa alfabeti ili zikae kichwani.

Hakuogopa hata kuharibu sarufi. Katika Kilatini neno moja, os, lilikuwa na maana mbili, mdomo au mfupa, kutegemea urefu wa irabu. Waafrika wengi hawakusikia tofauti hiyo. Augustino alishauri mhubiri atumie ossum, umbo la mtaani la neno mfupa, ambalo wasomi walilidharau lakini kila mtu alilielewa. Usichukue mfano huo kama ruhusa, kwa sababu mtihani wako unataka Kiswahili sanifu. Chukua kilicho nyuma yake: neno zuri lisiloeleweka halijafanya kazi yake.

Mahubiri yake yalikwenda pamoja na matendo. Aliamuru vyombo vya thamani vya kanisa viyeyushwe ili mateka wakombolewe na maskini wasaidiwe. Akiwa mzee aliandika kulalamikia wafanyabiashara waliokuwa wakiteka watu na kuwasafirisha ng'ambo kama watumwa, na waumini wa Hippo waliwaokoa mateka wapatao 120.

5. Shauri kwa mwalimu aliyechoka

Karibu mwaka 400, shemasi mmoja wa Carthage aitwaye Deogratias alimwandikia Augustino akimweleza shida yake. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wapya waliotaka kuingia Ukristo, lakini alijiona anachosha. Maneno yalikuwa yaleyale kila siku, na yeye mwenyewe aliyachoka.

Augustino alimjibu kwa kitabu kidogo. Alikiri kwamba hata yeye huwa haridhiki na maneno yake, kwa kuwa wazo hupita kichwani upesi kama radi na ulimi hubaki nyuma. Kisha akampa mashauri. Muulize kwanza msikilizaji anajua nini. Akipiga miayo, mwamshe kwa jambo la kufurahisha au la kushangaza. Akichoka kusimama, mpe kiti. Zaidi ya yote, fundisha kwa furaha, na furaha hiyo hutoka katika kumpenda unayemfundisha.

Alieleza kwa mfano wa mtu anayemtembeza mgeni. Wewe mkazi wa Temeke umeizoea bahari, na kivuko cha Kigamboni hukitazami mara mbili. Siku binamu yako akija kutoka mkoani, ukampeleka Kivukoni naye akashangaa, nawe unaiona bahari upya kwa macho yake. Ndivyo somo la zamani linavyokuwa jipya kwa mwalimu anayempenda mwanafunzi.

6. Doa katika maisha yake

Wasifu mzuri haufichi makosa. Kanisa la Afrika lilikuwa limegawanyika kati ya Wakatoliki na Wadonati. Mwanzoni Augustino alitaka watu washawishiwe kwa hoja tu. Baadaye alibadilika, akakubali serikali itumie faini na vitisho kuwarudisha Wadonati. Mwaka 411 mkutano mkubwa ulifanyika Carthage kwa amri ya mfalme Honorius, Wadonati wakashindwa, na sheria zikazidi kuwabana. Ni kweli kwamba Augustino aliomba wakosaji wasiuawe. Hata hivyo, kumbuka yule mtoto aliyechukia Kigiriki kwa sababu ya fimbo. Alipokuwa na nguvu mkononi, aliisahau sehemu ya somo lake mwenyewe.

7. Mwisho wa maisha yake

Augustino aliandika vitabu vingi, vikiwamo Maungamo na Mji wa Mungu. Uzeeni aliketi akavisoma upya kimoja baada ya kingine, akaandika hadharani mahali alipokosea. Mwaka 430 jeshi la Wavandali liliuzingira mji wa Hippo. Yeye hakukimbia. Aliugua homa, akaomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda, akawa akizisoma huku akilia. Alifariki tarehe 28 Agosti 430. Hakuacha wosia wa mali, kwa sababu hakuwa na mali. Alichosisitiza ni kwamba vitabu vya kanisa vitunzwe.

Sasa rudi kwenye swali la mwanzo. Augustino aliacha maneno mazito kwa sababu aliwatazama watu waliosimama mbele yake. Kabla hujaingia katika chumba cha mtihani, fanya jaribio hili: chukua mada moja unayodhani unaijua, umweleze mdogo wako au jirani ambaye hajafika kidato chako. Akielewa, umeiva. Asipoelewa, usimlaumu, rudi kwenye daftari, kwa maana ulikariri tu. Na ukimaliza kujibu mtihani, usikimbilie kukusanya. Fanya kama yule mzee wa Hippo: soma upya ulichoandika, usahihishe.

Zoezi

1. Eleza kwa nini Augustino alipenda Kilatini na kuchukia Kigiriki.
2. Taja mbinu tatu alizotumia ili mahubiri yake yaeleweke.
3. Deogratias alikuwa na tatizo gani, na alishauriwa nini?
4. Je, msimamo wa Augustino kuhusu Wadonati ulipingana na malezi yake ya shuleni? Jadili kwa kutoa hoja mbili.
5. Fupisha sehemu ya 4 kwa maneno yasiyozidi 80.