Linus Pauling: Bingwa wa kemia aliyeponzwa na vitamini C

Na Mwandishi Wetu

LINUS Pauling ndiye mtu pekee katika historia aliyetunukiwa Tuzo mbili za Nobel bila kugawana na mtu mwingine: ya Kemia mwaka 1954 na ya Amani ya mwaka 1962. Wateja wengi wa maduka ya dawa ya mijini hawalijui jina lake, lakini imani aliyoieneza wanayo: kwamba kadiri vitamini C inavyozidi mwilini, ndivyo afya inavyoimarika.

Imani hiyo ilimgharimu heshima mbele ya madaktari wengi, na kisa chake kinabaki kuwa funzo kwa kila anayenunua vidonge vya virutubisho bila kuuliza kipimo.

Pauling alizaliwa Februari 28, 1901 mjini Portland, jimbo la Oregon, nchini Marekani. Baba yake, Herman, alikuwa muuza dawa. Alifariki mwaka 1910 akimwachia mkewe watoto watatu, na Linus, mkubwa wao, alikuwa na umri wa miaka 9 tu.

Licha ya ukata, kijana huyo alisoma kwa kufanya vibarua. Mwaka 1922 alihitimu shahada ya uhandisi wa kemia, mwaka uliofuata akamwoa Ava Helen Miller, na mwaka 1925 akapata shahada ya uzamivu katika taasisi ya Caltech, California. Kitabu chake cha mwaka 1939, kilichoeleza namna atomu zinavyoshikamana na kuunda molekuli, kilimpatia sifa duniani kote.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, kazi yake iliyo karibu zaidi ni ile ya mwaka 1949. Yeye na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ina chaji ya umeme iliyo tofauti na ya mtu mzima wa afya. Kwa mara ya kwanza, chanzo cha ugonjwa kilionekana ndani ya molekuli moja.

Aidha, Pauling hakujifungia maabara. Alipinga majaribio ya silaha za nyuklia, na mwaka 1952 Serikali ya Marekani ilimnyima pasipoti. Mwaka 1958 alipeleka Umoja wa Mataifa ombi la kusitisha majaribio hayo, likiwa na saini za wanasayansi zaidi ya 9,000. Tuzo ya Amani ilitokana na mapambano hayo.

Barua iliyobadili mwelekeo

Mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 65, Pauling alisema katika hotuba kuwa angependa kuishi miaka mingine 25 ili aone maendeleo ya sayansi. Mwanakemia Irwin Stone, aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji, alimwandikia barua akimshauri ameze gramu 3 za vitamini C kila siku. Pauling alikubali, akahisi mafua yamepungua, na baadaye akapandisha dozi hadi gramu 18.

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mbuzi, mbwa na panya hutengeneza vitamini C ndani ya miili yao. Binadamu amepoteza uwezo huo na lazima aipate kwenye chakula, vinginevyo hupata kiseyeye. Pauling aliona kuwa ikiwa mnyama mwenye uzito wa binadamu hutengeneza gramu kadhaa kwa siku, basi miligramu chache anazoshauriwa mtu ni kidogo mno. Alikuwa sahihi pia kuwa vitamini C ya kiwandani na ya kwenye chungwa ni molekuli ileile.

Kitabu chake kuhusu vitamini C na mafua kilitoka mwaka 1970, na mauzo ya vidonge yakapaa. Mwaka 1976, yeye na daktari Ewan Cameron wa Uskochi walitangaza kuwa wagonjwa 100 wa saratani iliyofikia hatua za mwisho, waliopewa gramu 10 kwa siku, waliishi zaidi ya mara 4 ya wengine 1,000.

Kasoro ilikuwa katika ulinganishaji. Wale 1,000 walichukuliwa kutoka kwenye kumbukumbu za hospitali. Hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Mwaka 1979 na 1985, watafiti wa Mayo Clinic waligawa wagonjwa kwa bahati nasibu, baadhi wakipewa vitamini na wengine vidonge visivyo na dawa, huku wagonjwa na madaktari wao wakiwa hawajui nani kapewa nini. Hawakuona nafuu yoyote. Pauling alipinga vikali matokeo hayo, hakubadili msimamo.

Ava Helen alifariki mwaka 1981 kwa saratani ya tumbo. Pauling mwenyewe alifariki Agosti 19, 1994 kwa saratani ya tezi dume, akiwa na umri wa miaka 93. Aliamini hadi mwisho kuwa vitamini C ilichelewesha ugonjwa wake.

Kipimo ndicho hoja

Tafiti zilizokusanywa baadaye zimeonyesha kuwa kumeza vitamini C kila siku hakumzuii mtu wa kawaida kupata mafua, bali hupunguza kidogo siku za kuugua. Wataalamu wa Marekani hupendekeza miligramu 90 kwa siku kwa mwanamume na 75 kwa mwanamke, kiasi ambacho pera moja huweza kukitosheleza. Kikomo kwa mtu mzima waliweka miligramu 2,000, yaani gramu 2.

Dozi inapopanda, utumbo hufyonza sehemu ndogo zaidi, na ziada hutoka kwa mkojo au huleta kuhara. Sehemu yake hugeuka oksaleti, inayoweza kujenga vijiwe kwenye figo. Vilevile, vitamini C huongeza ufyonzwaji wa madini ya chuma. Hivyo mgonjwa wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara, ambaye huenda tayari ana chuma nyingi mwilini, hapaswi kumeza dozi kubwa bila ushauri wa daktari. Wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD nao wamo hatarini, kwani dozi kubwa huweza kupasua chembe zao nyekundu za damu.

Tahadhari haiishii kwenye vitamini C. Mwaka 1994, mwaka aliofariki Pauling, utafiti wa wanaume wavutaji sigara 29,133 nchini Finland ulionyesha kuwa waliomeza vidonge vya betakarotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi ya wenzao.

Pauling aliitambua molekuli ya selimundu kwa kupima na kulinganisha. Alipofika kwenye vitamini C, aliridhika na ushahidi ambao haukulinganishwa ipasavyo, na mamilioni ya watu wakamfuata kwa sababu ya tuzo zake. Mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu ya virutubisho leo hana budi kuuliza kile ambacho bingwa huyo hakukipa uzito: ni kiasi gani, kwa nani, na kimepimwa vipi.