Brigedia Bagnold na Malori ya Bahari ya Mchanga

Marehemu Brigedia Ralph Alger Bagnold, ambaye habari za maisha yake twakusudia kuzisimulia hapa, alizaliwa mjini Devonport, Uingereza, tarehe 3 Aprili 1896, katika nyumba ya kijeshi. Baba yake, Kanali Arthur Bagnold, alikuwa afisa wa Wahandisi, naye alikuwamo katika msafara wa mwaka 1884 na 1885 uliopanda mto Nile kwenda kumwokoa Jenerali Gordon aliyezingirwa Khartoum na majeshi ya Mahdi, msafara ambao ulifika ukiwa umekwisha kuchelewa. Kijana Ralph alipitia chuo cha maafisa cha Woolwich, akapata kamisheni mwaka 1915, na akapelekwa katika vita vya Ufaransa. Vita vilipokwisha alisoma uhandisi Cambridge, kisha akarudi jeshini, safari hii katika kikosi cha Mawasiliano. Katikati ya miaka ya 1920 akapangiwa kazi Misri, na huko ndiko jina lake lilikozaliwa mara ya pili.

Magharibi ya Nile ardhi yote ni jangwa, hata kufika Libya na zaidi. Ndani yake imo sehemu iitwayo Bahari Kuu ya Mchanga, ambako vilima vya mchanga vimejipanga safu kwa safu kama mawimbi, vingine vikipita mita 100 kwa urefu. Watu wa ngamia walikwisha kuzijua njia za jangwa hilo karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kulichora katika ramani, wala hatupendi msomaji adhani kwamba Bagnold aliligundua. Jambo ambalo halikuwa limefanyika ni kuivuka Bahari hiyo kwa motokaa. Wenye maarifa wa siku zile walisema haiwezekani.

Bagnold na rafiki zake wachache, miongoni mwao Guy Prendergast na Bill Kennedy Shaw, walitumia likizo zao na fedha zao wenyewe kulijaribu jambo hilo. Walianza na Ford za mfano wa T, na baadaye wakatumia za mfano wa A. Magari hayo yalikuwa ya kawaida kabisa, yenye kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, bila hata ya gia ya kuunganisha magurudumu ya mbele ambayo dereva wa leo huikimbilia mara tu aonapo tope.

Kwa hiyo walianza kwa kuyavua. Kila kisichosaidia safari kilifunguliwa kikaachwa Cairo, kwa maana mzigo pekee uliostahili nafasi ulikuwa petroli, maji, chakula na vipuri. Matairi yalipunguzwa upepo, ili yatandazike juu ya mchanga mlaini badala ya kuukata kama kisu. Katika duka moja la vyuma chakavu mjini Cairo Bagnold aliona vipande virefu vya chuma vyenye umbo la mfereji, ambavyo vilitengenezwa katika Vita vya Kwanza kwa ajili ya kuezekea mahandaki. Akavinunua. Gari lilipozama, watu walifukua mchanga kwa mikono mbele ya magurudumu ya nyuma, wakavilaza vyuma hivyo, na gari likapanda juu yake na kutoka. Leo vyuma vya namna hiyo huonekana ubavuni mwa magari ya jangwani dunia nzima, na wengi wavitumiao hawajui kwamba vilitoka katika lundo la takataka.

Neno la maji lahitaji kuelezwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa ndilo lililobeba uhai. Gari lenye kunguruma kwa gia ya chini katika joto kali huchemsha rejeta, na mvuke hutoka kwa nguvu ukapotea hewani. Dereva huongeza maji, na maji hayo ndiyo ambayo yeye na wenzake walipaswa kuyanywa. Bagnold aliuziba mlango wa mvuke huo, akaunganisha mpira kutoka rejeta hadi debe lililofungwa ubavuni mwa gari na kutiwa maji nusu. Mvuke ulishuka kupitia mpira, ukaingia katika maji ya debe na kugeuka maji. Dereva aliposimama akaiacha injini ipoe, rejeta yenyewe iliyavuta maji yale yakarudi yalikotoka. Kwa hila hiyo ndogo gari liliweza kwenda siku nyingi pasipo kuwanyang'anya watu kinywaji chao.

Dira nayo ilikuwa tatizo. Dira ya sumaku huyumbishwa na chuma cha gari, hivyo mwenye kuitumia hulazimika kusimama, kushuka na kwenda mbali ndipo apate kuisoma. Bagnold alitengeneza dira ya jua: sahani ya duara yenye digrii pembeni, na sindano iliyosimama wima katikati. Dereva alilishika gari lake ili kivuli cha sindano kikae juu ya alama iliyopangwa kwa saa ile, akaenda moja kwa moja bila kusimama. Wakati wa adhuhuri jua likiwa utosini kivuli hupotea, na hapo msafara ulipumzika. Usiku walizipima nyota na kujua mahali walipo.

Katika safari za mwaka 1929 na 1930 waliiingia Bahari Kuu ya Mchanga. Dereva aliyezoea barabara, akiona ukuta wa mchanga mbele yake, hupunguza mwendo. Bagnold alifanya kinyume chake: alilielekeza gari wima kwenye mteremko, akakanyaga mafuta hadi mwisho, na gari likapanda kwa mbio zake lenyewe hata kileleni. Hii haikuwa bahati nasibu. Upande unaopigwa na upepo mchanga hushindiliwa ukawa mgumu kiasi cha kubeba lori, lakini upande wa pili, ambako mchanga humwagika wenyewe, ni mwinuko mkali na laini kama unga. Mwenye kufika kileleni kwa kasi bila kugeuza ubavu huruka upande wa pili na gari lake. Tena adhuhuri mchanga wote huwa rangi moja pasipo kivuli, hata jicho haliwezi kutofautisha bonde na kilima. Sisi ambao tumeendesha katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika twajua jambo hilo kwa namna yetu: njia husomwa kabla ya kuingiwa, na mguu wa dereva hupokea amri kutoka machoni.

Mwaka 1935 aliliacha jeshi. Wengi wangeridhika na nishani ya dhahabu aliyopewa na Chama cha Jiografia cha Uingereza. Yeye alijenga bomba kubwa la kupulizia upepo huko London, akautazama mchanga ukirushwa, apate kujua punje moja huendaje na kilima hujijengaje. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1941.

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939 alirudishwa kazini na kupangiwa Kenya. Laiti meli yake isingegongana na nyingine katika bahari ya Mediterania, huenda angekaa ofisini Nairobi, na historia ya jangwa ingeandikwa vingine. Meli ikaingia Port Said kwa matengenezo, naye akapanda treni kwenda Cairo kuwaona rafiki zake. Jenerali Wavell, amiri jeshi wa huko, alipopata habari alimzuia asiendelee na safari.

Mwezi Juni 1940 Italia iliingia vitani. Waitaliano walikuwa Libya upande mmoja na Uhabeshi upande mwingine, na kutoka Kufra na Uweinat wangeweza kuushambulia mto Nile mahali ambapo hapakuwa na mlinzi. Bagnold alimpelekea Wavell shauri la kuunda kikosi kidogo cha malori kitakachokwenda nyuma ya adui kupitia njia ambayo adui hakuiwazia. Alipewa majuma sita tu. Askari wa kwanza walikuwa Wanyuzilandi waliojitolea, wengi wao wakulima waliozoea kutunza mitambo yao wenyewe. Malori ya Chevrolet yalipatikana kwa kununua na kwa kuomba, mengine yakitoka jeshi la Misri. Yakavuliwa milango, vioo vya mbele na paa. Springi zikaongezwa bamba. Yakawekewa debe la mvuke, dira ya jua, bunduki za rashasha, na kwa baadhi yake simu ya upepo. Kila gari lilibeba chakula na maji ya watu wake kwa majuma matatu. Kikosi hicho ndicho kilichojulikana baadaye kwa herufi LRDG.

Mwaka 1941 Chevrolet zilipochakaa walipewa Ford F30 zilizosukumwa na magurudumu yote manne. Msomaji atadhani neema imeshuka. Magari hayo yalikuwa mazito, nayo yalikunywa petroli kupita kiasi, na petroli iliyoliwa na injini ilipunguza maili ambazo doria ingeweza kwenda. Mwaka 1942, yalipopatikana malori mapya ya Chevrolet ya magurudumu mawili, yalipokewa kwa furaha. Twalitaja hili kwa sababu twawasikia vijana wakililia gari lenye nguvu zaidi kabla hawajajua kulipakia walilo nalo.

Bagnold alikwenda Chad kutafuta washirika, nchi ambayo gavana wake, Félix Éboué, mtu mweusi mzaliwa wa Guyana ya Kifaransa, alikuwa ameiunganisha na upande wa de Gaulle mwaka 1940. Tarehe 11 Januari 1941 doria mbili pamoja na Wafaransa hao ziliishambulia Murzuk, mbali kabisa kusini magharibi ya Libya, zikachoma ndege kiwanjani na kutoweka. Kanali d'Ornano wa Wafaransa aliuawa hapo.

Siku 20 baadaye jangwa lilidai haki yake. Huko Gebel Sherif, kusini ya Kufra, doria ya Pat Clayton ilikutwa na magari ya Waitaliano yakisaidiwa na ndege. Malori kadhaa yakateketea, Clayton akatekwa. Askari wanne walijificha miambani, mmoja wao, Ronald Moore, akiwa amejeruhiwa mguu. Gari lao lilikuwa limeungua na chakula chote. Walikuwa na maji yasiyofika galoni 2. Wangeweza kwenda Kufra wakajisalimisha. Waliamua kufuata alama za matairi kuelekea kusini. Walitembea siku kumi. Easton alifariki baada ya kupatikana, Tighe na Winchester walibaki nyuma wakaokotwa wakiwa wamekwisha nguvu, na Moore alikutwa na Wafaransa akiwa bado anatembea, maili zipatazo 210 kutoka pale malori yalipochomwa.

Mwezi Agosti 1941 Bagnold alimkabidhi Prendergast uongozi wa kikosi. Mwaka 1944 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima ambayo askari wa kazi huipata kwa nadra sana, na baada ya vita akarudi katika utafiti wake wa mchanga na wa mito. Mwaka 1977, mzee wa miaka 81, aliitwa na wanasayansi wa NASA wa Marekani awazungumzie majangwa ya dunia na ya sayari ya Mars. Vilima vya mchanga vilivyoko huko Mars, chini ya mlima Sharp, vilipewa jina lake, na mwishoni mwa mwaka 2015 gari la Curiosity, lenye magurudumu sita na lisilo na dereva ndani, lilivifikia, likaukwangua mchanga kwa gurudumu lake moja na kuchota kiasi kidogo kwa ajili ya kupimwa.