Dakta Krapf na Safari Asiyoifikisha Mwisho

Mhariri ameniomba mimi, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, niandike katika ukurasa wetu wa Kiswahili habari za mtu mashuhuri wa kale. Nimemchagua Dakta Johann Ludwig Krapf. Wengi wenu hapa Uganda mmesoma katika kitabu cha historia ya kwamba yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, kisha mwalimu akafunua ukurasa, mkaendelea na Livingstone. Habari ya mlima ni kweli, lakini kwangu mimi si jambo kubwa katika maisha yake. Ninataka kuwaeleza zaidi mambo aliyoyatamani asiyapate.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na miaka 11 jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya, akaugua karibu nusu mwaka. Kitandani alisoma Biblia sana, na hapo ndipo moyo wake ulipoanza kumtafuta Mungu. Baadaye, shuleni, aliitazama ramani ya Afrika akaona upande wa mashariki una majina machache tu. Naye alikuwa amesoma katika kitabu cha msafiri mmoja habari za fisi, basi akadhani nafasi ile tupu imejaa fisi. Sisi tuliozaliwa huku tunaweza kucheka.

Mwaka 1827 aliingia chuo cha wamisionari mjini Basel, akatoka kabla ya kutumwa, akasoma elimu ya dini Tübingen. Hata mwaka 1837 chama cha CMS cha Uingereza kikampeleka Uhabeshi, ndiyo Ethiopia ya leo. Mwaka uliofuata akafukuzwa Tigre. Hakurudi kwao. Akazunguka kwa njia nyingine akaingia Shoa mwaka 1839, na mfalme Sahle Selassie akampokea vema. Huko ndiko alikowafahamu Waoromo, ambao vitabu vya siku zile viliwaita Wagalla. Akaamini kwamba watu hao wakiipokea Injili, Afrika ya mashariki yote itaipokea. Shauku hiyo haikumwacha tena maisha yake yote.

Mwaka 1842 alitoka Shoa kwenda pwani, kwa sababu mchumba wake, Rosine Dietrich, alikuwa anakuja kutoka Basel. Njiani akanyang'anywa mali yake. Wakaoana Misri, lakini walipotaka kurudi Shoa wakakuta njia imefungwa, wala mfalme hamtaki tena. Wakajaribu njia ya upande mwingine. Huko nyikani, mbali na nyumba na mkunga, Rosine akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Mtoto aliishi muda mfupi tu. Wakambatiza jina la Eneba, ambalo kwa Kiamhari maana yake ni chozi.

Mtu mwingine angalisema basi, Mungu hataki. Krapf alisema kama mlango wa kaskazini umefungwa, atawafikia Waoromo kwa mlango wa kusini. Wakapanda jahazi Aden, jahazi likavuja nusura wazame, wakarudi, wakapanda jingine. Mwezi Januari 1844 walifika Unguja. Sultani Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, na mwezi wa Mei Krapf na mkewe wakafanya makao Mombasa. Tarehe 8 Juni akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Kadhi wa mji.

Mwezi uliofuata homa iliwakamata wote wawili. Tarehe 6 Julai Rosine akajifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai Rosine akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata akadhani atamfuata. Wakamzika bara, ng'ambo ya kisiwa, kama alivyotaka, ili wapitao njia wakumbuke sababu ya kuja kwake. Baada ya siku moja au mbili mtoto naye akafa, akazikwa na mama yake.

Hapa nasimama kidogo. Mke wangu nami tulimzika mtoto wetu wa kwanza akiwa na siku nne, na waliokuja kutufariji walisema mengi mazuri ambayo sikuyasikia hata moja. Ndiyo sababu nilipoisoma habari ya Krapf sikuisoma kama habari za historia. Nilitaka kujua mtu huyu aliamkaje kesho yake. Nilichokiona ni kwamba hakujifanya haumwi. Aliandika waziwazi juu ya ugonjwa, upweke na huzuni yake. Lakini aliwaandikia pia wakubwa wake London ya kuwa sasa pana kaburi moja la Kikristo katika pwani hii, nalo ni ishara kwamba kazi imekwisha anza, kwa hiyo walete watu wengine. Kisha akarudi kwenye kitabu cha Mwanzo, kwa kuwa siku ilikuwa na kazi yake. Mimi sikupata jibu la swali langu kwake, kwani yeye mwenyewe hakupewa jibu. Nilipata mwenzangu, na hilo lilinisaidia kuliko jibu.

Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake. Wakahamia Rabai mwezi wa Agosti, wote wawili wana homa, wakipokezana punda mmoja kupanda mlima. Wenyeji, siku zile wakiitwa Wanyika, waliwapa mahali pa kujenga, lakini wengi hawakuona haja ya dini mpya. Miaka ikapita. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa kiwete maskini jina lake Mringe, naye alikuwa amelala kitandani karibu na kufa. Hesabuni wenyewe: tangu Krapf afike Mombasa miaka kadhaa ilikuwa imepita, naye amepata Mkristo mmoja, na huyo mmoja amekufa.

Simsifu kwa kila jambo. Maandishi yake yana maneno makali juu ya Waislamu na juu ya mila za wenyeji, na nadhani watu waliomfundisha Kiswahili walistahili shukrani kubwa kuliko waliyopata. Tena alikuwa mtu wa mipango mikubwa mno. Alitaka mnyororo wa vituo vya misioni kutoka Mombasa mpaka pwani ya magharibi. Waliotumwa kumsaidia walikuwa wachache, na kifo kikawapunguza. Wagner alifika mwaka 1849 akafa kabla ya miezi miwili kwisha, na Pfefferle alifika mwaka 1851 akafa upesi vilevile.

Mlima aliuona tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui, kwa Kivoi, mkubwa mmoja wa Wakamba. Wataalamu wa jiografia huko London walikataa kusadiki kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Mwaka 1851 alirudi Ukambani kutafuta mahali pa kituo. Karibu na mto Tana wakashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Alitembea usiku na kujificha mchana, na maji akayachukua katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Rabai walikuwa wamekwisha mhesabu kuwa mfu alipotokea. Kituo cha Ukambani hakikupatikana.

Mwaka 1853 afya yake ilikwisha, akaondoka. Alifanya makao Korntal, katika nchi yake. Mara mbili alijaribu tena Afrika: mwaka 1862 alikuja kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, na mwaka 1867 alikwenda Uhabeshi na jeshi la Waingereza kama mkalimani. Mara zote mbili mwili ulikataa. Waoromo wa Shoa, waliomfanya azunguke bahari yote, hakupata kuishi kati yao tena.

Sasa angalieni jinsi alivyoitumia miaka hiyo ya Korntal. Alikaa mezani. Karatasi za maneno ya Kiswahili alizokusanya Mombasa na Rabai akazipanga ziwe kamusi. Tangu mwanzo alikuwa amechagua kuandika lugha hii kwa herufi za Kirumi, hizi mnazozisoma sasa hivi, ingawa watu wa pwani waliiandika kwa herufi za Kiarabu kwa miaka mingi. Akashughulika na Kioromo pia, akisaidiwa na kijana Mworomo aliyekombolewa utumwani, jina lake Ruufo. Mwaka 1876 Agano Jipya kwa Kioromo likachapwa. Kwa hiyo kitabu kilikwenda mahali ambapo mwenyewe hakuweza kwenda.

Rebmann alirudi Ulaya mwaka 1875 akiwa kipofu, baada ya miaka 29 bila kuiona nchi yake. Alikuja kukaa Korntal karibu na rafiki yake. Ningependa kujua walizungumza nini, wazee wawili waliotoa maisha yao kwa mahali palipowapa Wakristo wachache namna ile. Rebmann alikufa mwaka 1876.

Krapf alikufa tarehe 26 Novemba 1881. Jioni aliingia chumbani kulala kama kawaida, na asubuhi wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Kamusi yake ilitoka London mwaka 1882.

Mwaka huohuo, tarehe 18 Machi, wamisionari wa CMS waliwabatiza watu watano Buganda, nao ndio wa kwanza katika misheni yao hapa kwetu. Bwana Mackay na wenzake, kabla hawajakijua Kiganda sawasawa, walikuwa wakifundisha kwa Kiswahili.