Poul la Cour: mwalimu aliyetaka kila kijiji kiwe na umeme wake

Denmark, ambayo leo hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kutokana na upepo na jua, humtaja Poul la Cour kuwa ndiye aliyeifungulia njia hiyo. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba la Cour hakuwa akitafuta mtambo mkubwa wa kulisha taifa zima. Alitaka kijiji kijitegemee: kiwe na chanzo chake cha umeme, akiba yake, nyaya zake na mafundi wake. Wahandisi wa sasa wangeuita mpango huo gridi ndogo.

Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1846 shambani, karibu na mji wa Ebeltoft katika rasi ya Jutland. Baada ya masomo ya fizikia mjini Copenhagen, alipanda hadi kuwa naibu mkurugenzi wa Taasisi ya Hali ya Hewa ya Denmark, iliyoasisiwa mwaka 1872. Uvumbuzi wake katika telegrafu ulimpa sifa hata nje ya nchi, na wapo waliomlinganisha na Edison. Cheo na jina alikuwa navyo. Mwaka 1878 aliacha kazi hiyo akahamia Askov, kijiji cha Jutland, kufundisha vijana wa mashambani katika chuo cha wananchi. Vyuo vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa mfano kwa Tanzania ilipoanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975.

Kilichomsumbua ni kuona umeme ukiingia mijini huku wakulima wakibaki na taa za mafuta, na vijana wao wakiyahama mashamba. Makaa ya mawe yalikuwa ya kuagizwa kutoka nje. Upepo ulikuwa wa kila mtu. Mwaka 1891, kwa ruzuku ya serikali, alijenga Askov kinu cha upepo cha kuzungusha dainamo.

Tatizo lilijitokeza mapema: upepo hauvumi kwa kufuata saa za watu kuwasha taa. La Cour akautumia umeme kutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, akazihifadhi gesi hizo kwenye matangi, na kuanzia mwaka 1895 hadi 1902 chuo kikaangazwa kwa taa za gesi hiyo. Haikuwa kazi salama. Oksijeni kidogo ikipenya katika haidrojeni, gesi hulipuka, na zaidi ya mara moja madirisha ya chuo yalilazimika kubadilishwa.

Mwaka 1902 kinu hicho kikawa kituo cha umeme cha kijiji kizima, akiba sasa ikiwekwa katika betri. Mwaka uliofuata ilianzishwa Jumuiya ya Umeme wa Upepo ya Denmark, naye akaanza kuwafunza vijana wa mashambani ufundi wa umeme. Pengine huo ndio mchango wake mkubwa kuliko kinu chenyewe, kwani mtambo usio na fundi wa karibu hugeuka chuma chakavu. Mwanafunzi wake mmoja, Johannes Juul, ndiye aliyekuja kujenga mtambo wa Gedser wa kilowati 200 katika miaka ya 1950, mtangulizi wa mitambo ya mapanga matatu inayoonekana leo.

La Cour alifariki dunia Askov tarehe 24 Aprili 1908. Vita Kuu ya Kwanza ilipofanya mafuta na makaa kuwa adimu, vijiji vilivyomfuata vilinufaika. Kufikia mwaka 1918 vituo vya mashambani vyenye vinu vya upepo vilikuwa takriban 120. Vita vilipokwisha, mafuta yalishuka bei, na vituo vikubwa vya mijini vikaanza kupeleka umeme mbali kwa mkondo geu. Vile vya vijijini vilitumia mkondo mnyoofu, na havikuweza kuunganishwa navyo kwa urahisi. Vikafungwa kimoja baada ya kingine.

Sasa magari ya umeme, mitambo ya kupasha nyumba joto na vituo vya data vinazielemea nyaya za masafa marefu katika nchi nyingi. Visiwa na vijiji vinarejea kwenye gridi ndogo zenye betri, na hata haidrojeni inajaribiwa tena kama ghala la umeme wa upepo. Jengo la kinu cha Askov bado limesimama, nalo ni makumbusho yenye jina la la Cour.