Mkanda mweusi ni mwanzo wa safari

Ipo siku moja ambayo kila mwanafunzi wa judo, karate au taekwondo huiwaza usiku na mchana: siku atakapovua mkanda wa rangi aliouzoea na kufungwa mkanda mweusi kiunoni. Siku hiyo wazazi huhudhuria, picha hupigwa na mikono ya pongezi hutolewa. Lakini walimu wa michezo hiyo wanalijua jambo moja la kusikitisha. Wapo wanafunzi, tena si haba, ambao wakishaupata mkanda huo hawaonekani tena mazoezini. Kwao safari imekoma, na kilichobaki ni kuutundika mkanda ukutani.

Maadam hali ni hiyo, ni vyema tumkumbuke mtu aliyeuanzisha mkanda huo. Wengi wanaoufunga hawalijui jina lake, wala hawajui kwamba kwa kazi alikuwa mwalimu, kama walivyo wengi wa wasomaji wa ukurasa huu.

Kano Jigoro, Kano likiwa ndilo jina la ukoo, alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na mji wa Kobe nchini Japani, katika ukoo wa watengenezaji wa pombe ya mchele. Alifiwa na mama yake akiwa bado mtoto, kisha akapelekwa Tokyo kusoma. Darasani aling'ara, hasa katika lugha ya Kiingereza. Nje ya darasa mambo yalikuwa mengine. Alikuwa mdogo wa umbo. Hata alipokomaa, kimo chake hakikupita sana mita moja na nusu. Katika shule ya bweni wenzake wenye miraba minne walimwonea walivyotaka, naye hakuwa na la kufanya ila kuyameza machungu.

Ndipo aliposikia habari za jujitsu, sanaa ya kale ya mapigano ambayo kwayo mnyonge aweza kumwangusha mwenye nguvu. Baba yake hakupendezwa. Tangu mageuzi ya mwaka 1868, Japani ilikuwa imeyakimbilia mambo ya Ulaya na kuyadharau ya jadi, na baadhi ya mabingwa wa jujitsu walikuwa wakijipatia riziki kwa kuunga mifupa iliyovunjika. Kijana Kano aliwatafuta waunga mifupa hao, na mwaka 1877, mwaka ule ule alioingia Chuo Kikuu cha Tokyo, akapokewa na mmoja wao aitwaye Fukuda Hachinosuke.

Mafunzo yenyewe hayakuwa na maelezo mengi. Husimuliwa kwamba siku moja Kano aliangushwa na mwalimu wake kwa mtindo asioufahamu, akauliza mkono unawekwa wapi na mguu unapita wapi. Mzee Fukuda akamwangusha tena. Alipouliza mara ya pili, akaangushwa mara ya tatu. Mwalimu aliamini kwamba mwili ndio unaojifunza, si masikio. Hata hivyo, mwanafunzi huyu hakuacha kutafuta sababu ya kila jambo. Alipokuwa akishindwa kila mara na mwenzake mmoja mwenye umbo kubwa, alikwenda kusoma vitabu, hata vya mieleka ya nchi za Magharibi, mpaka akapata mbinu ya kumbeba jitu lile mabegani na kulibwaga chini.

Fukuda alifariki mwaka 1879, na mwalimu wake wa pili, Iso Masatomo, akafariki mwaka 1881. Kano akaendelea chini ya mwalimu wa tatu, Iikubo Tsunetoshi. Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua ukumbi wake mwenyewe ndani ya hekalu la Kibudha la Eishoji mjini Tokyo. Aliuita Kodokan, maana yake mahali pa kujifunza njia. Chumba kilitosha mikeka 12 tu, na katika mwaka wa kwanza waliojiandikisha walikuwa 9. Alichokifundisha hakukiita tena jujitsu bali judo, yaani njia ya ulaini. Aliondoa mbinu za kuumiza, akafundisha namna ya kuanguka salama, na kando ya mazoezi akaweka mihadhara pamoja na vipindi vya maswali na majibu. Yule kijana aliyejibiwa kwa kubwagwa chini alihakikisha kwamba wanafunzi wake watajibiwa kwa maneno pia.

Sasa tuufikie mkanda. Katika shule za zamani, mwanafunzi alipewa hati za kukunjwa baada ya miaka mingi, na kati ya hati moja na nyingine palikuwa na kiza kirefu. Kano aliona kwamba mwanafunzi anahitaji alama za njiani. Akaazima mfumo wa madaraja uliotumiwa na wachezaji wa go, mchezo wa bao maarufu huko Japani, na mwaka 1883 akawapandisha wanafunzi wake wawili hadi daraja la kwanza. Miaka michache baadaye, yapata mwaka 1886, wenye madaraja wakaanza kujifunga ukanda mweusi ili watambulikane. Kuna wanaosimulia kwamba ukanda huo ulikuwa mweupe, ukageuka mweusi kwa jasho na uchafu wa miaka mingi. Hadithi hiyo ni tamu, lakini si kweli. Rangi ile iliwekwa kwa makusudi na mwalimu.

Jambo la kuzingatia ni jina la daraja lenyewe. Daraja hilo la kwanza huitwa shodan, na neno hilo kwa Kijapani lina maana ya hatua ya kuanzia. Anayelipata ametambuliwa kuwa ameijua misingi, hivyo sasa yu tayari kufundishwa. Juu yake yako madaraja mengine hadi la kumi, na kufikia huko mkanda huwa umekwisha kubadilika kuwa mwekundu.

Wanafunzi wale wawili wa mwaka 1883 wanatupa funzo kubwa. Mmoja, Saigo Shiro, alikuwa na kipaji cha ajabu, hata baadaye maisha yake yakawa chanzo cha riwaya na filamu. Wa pili, Tomita Tsunejiro, ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa kwanza kabisa kujiandikisha. Mwaka 1890, Kano akiwa safarini Ulaya, Saigo aliondoka Kodokan na hakurejea tena. Tomita alibaki, akafundisha, na mwaka 1904 akavuka bahari hadi Marekani kuionyesha judo. Siku walipopandishwa daraja walikuwa sawa. Yaliyofuata ndiyo yaliyowatofautisha. Saigo alipofariki mwaka 1922, mwalimu wake hakuwa amemsahau. Alimtunuku daraja la sita akiwa kaburini.

Kano mwenyewe hakuishi kwa judo tu. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mkuu wa chuo cha juu cha ualimu mjini Tokyo, akawalea walimu waliosambaa Japani nzima. Alifungua pia shule ya vijana kutoka China, na miongoni mwa waliosoma humo kuanzia mwaka 1902 ni Lu Xun, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mkuu wa taifa lake. Mwaka 1909 Kano akawa Mwasia wa kwanza kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na mwaka 1912 akaiongoza Japani kwenye michezo ya Stockholm ikiwa na wanariadha wawili tu. Karate nayo ilipata kwake msaada: mwaka 1922 alimwalika Funakoshi Gichin aionyeshe Kodokan, na miaka miwili baadaye Funakoshi akatoa mikanda myeusi ya kwanza ya karate.

Tusimfanye malaika, hata hivyo. Kano aliwafundisha wanawake wakati wengi walidhani ni upuuzi, lakini katika chama alichokiacha wanawake walizuiwa kwa miaka mingi wasipande juu. Keiko Fukuda, mjukuu wa yule mzee muunga mifupa, alifikia daraja la tano mwaka 1953 na akangoja hadi mwaka 1972 kupewa la sita. Katika kungoja huko hakuacha kufundisha. Alipofariki mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 99, alikuwa amefikia la kumi nchini Marekani. Rangi ya mkanda ilichelewa, elimu haikumngoja.

Kano alifariki tarehe 4 Mei 1938 ndani ya meli, akirudi nyumbani kutoka mkutano wa Olimpiki uliofanyika Cairo, ambako alitetea michezo ya mwaka 1940 ifanyike Tokyo. Wakati huo Japani ilikuwa vitani na China, nchi ya wanafunzi wake wa zamani, na miezi miwili baadaye serikali ikaiacha michezo hiyo. Judo iliingia katika Olimpiki mwaka 1964, mjini Tokyo, mwalimu akiwa hayupo kuona.

Nayasema haya kwa sababu ugonjwa wa kuutundika mkanda ukutani haupo katika kumbi za judo peke yake. Sisi walimu twawajua vijana waliochoma madaftari siku ya mwisho ya mtihani, na twawajua wazazi walio tayari kununua karatasi ya mtihani ili mtoto apate alama asizostahili. Twajijua hata sisi wenyewe, tuliopata shahada ya ualimu na tangu siku hiyo hatujafungua kitabu kipya. Mwenye cheti cha wizi ni sawa na mtu aliyenunua mkanda mweusi dukani: utamstahi mpaka siku atakapopanda mkekani.

Cheti kina heshima yake, na Kano hakukidharau, ndiyo maana akakibuni. Lakini alikibuni ili mwanafunzi ajue amefika wapi, siyo ili aketi hapo. Kijana atakayefungwa mkanda mweusi Jumamosi hii na afike mazoezini Jumatatu mapema kuliko wenzake, awafagilie mikeka wale wa mkanda mweupe, kisha amwombe mwalimu wake amwonyeshe tena namna ya kuanguka.